Bibi wa Kitabuni Hajui Kufoka

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Mwanangu Pang amelamba nyati sasa hivi. Nyati wa kitabuni! Kalamba ukurasa mzima, kisha akanitazama kama nimemnyima chumvi. Miaka mitatu, na akili hiyo.

Kitabu ni cha mwalimu Huong wa shule ya bondeni, katuazima mpaka Jumapili. Kijiji cha mlimani — eti kama chetu! Msichana anatafuta mbuzi aliyepotea, basi. Anapanda mlima amevaa nguo za sikukuu, kuni mgongoni, sketi haina hata tone la tope. Bibi yake anatabasamu tangu mwanzo mpaka mwisho. Labda anaumwa. Mawe hamna. Mahindi yameota kwenye udongo laini kama keki. Huyo mchoraji aje kwetu apalilie wiki moja tu.

Lakini nimekisoma mara nne. Mimi, niliyeishia darasa la tano! Mbuzi akipatikana, moyo wangu unatulia.

Jumanne, 5 Novemba

Pang hataki jina la yule msichana. Anataka lake. Basi Pang kapanda mlima, Pang kamwita mbuzi.

Jioni tulikuwa mlangoni. Nikafika pale bibi anapomkumbatia mjukuu, nikasoma kwa sauti: Pang ni mtoto mzuri kuliko wote kijijini, mnene, mashavu kama pichi.

Mama mkwe akaacha kusaga mahindi.

"Umesema nini?"

"Nimesoma tu, Mama."

"Umemsifu mtoto mlangoni, giza linaingia, kwa jina lake!"

Akatema mate nje. Akapaza sauti, mapepo yote ya mlima huu yasikie, yasimtamani: "Mtoto mbaya huyu! Kama chura! Hatumtaki!"

Pang akacheka sana. Na mimi nikacheka, ndani kwa ndani. Bibi wa kitabuni angezimia.

Alhamisi, 7 Novemba

Homa. Tangu jana asubuhi. Mwili kama jiko. Nimempa dawa ya zahanati.

Mama mkwe kasimama mlangoni na yai na udi, anaiita roho ya Pang: rudi, chakula kipo, mama yako yupo, rudi nyumbani. Kamfunga uzi mkononi, roho isitoke tena. Nilisimama nyuma yake nikisema rudi, rudi. Sikucheka.

Kisha kanigeukia. Kasema waliojifunza kusoma hawakufundishwa kunyamaza. Kitabu kinaingia motoni, na kingine kisikanyage nyumba hii. Kingine! Hapo ndipo nilipoumia. Mume wangu Sinh akawa anakagua viatu vyake. Shujaa!

"Kitabu ni cha mwalimu, Mama."

"Mwalimu ana vitabu vingi. Mimi mjukuu nina mmoja."



Ijumaa, 8 Novemba

Homa imeshuka! Kala vijiko vitatu, kanipiga kwa cha nne. Mama mkwe anasema roho imerudi. Mimi nasema dawa — kimoyomoyo.

Kitabu nilikificha chini ya gunia la mahindi. Sasa hakipo. Nimechokora majivu jikoni, sijaona kitu. Naandika hapa nyuma ya banda la nguruwe, nimekaa juu ya ndoo.

Kuna sauti ndani. Mama mkwe! Asiyejua a wala be — anamsomea Pang! Nasikia kurasa.

"Huyu Pang, pua kama kiazi. Kampoteza mbuzi kwa uvivu. Bibi yake anamfokea, ona."

"Hapana Bibi, anacheka!"

"Anacheka kwa hasira."

Kurasa zinakwenda mbele, zinarudi nyuma. Anauliza kwa nini mbuzi hakurudi mwenyewe, alikuwa amekwama wapi. Pang anamjibu: Mama ndiye anajua.



"Mama Pang! Wewe! Acha hao nguruwe, njoo uniambie hapa pameandikwa nini. Na usimsifu mtu!"

Nakuja, Mama. Ila leo simwambii yote, nitaishia kabla mbuzi hajapatikana, ili kesho aniite tena.