Sauti ya Nyanya wa Mlimani

Mweiga,
Jumapili

Kwako Tata Monicah, dada yake Mama,

Huku tumevuna viazi, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Najua huko Doha joto limewabana, lakini barua hii uisome ukiwa umeketi.

Unajua kazi yangu ya kuigiza sauti za katuni na michezo ya kompyuta. Nimekuwa paka, nimekuwa zimwi, hata mlango unaolia! Mwaka jana walitafuta sauti ya nyanya shujaa anayelinda mlima. Nilipokwenda kujaribiwa, mwelekezi akanikatiza: "Sema mlima, si mrima. Ongea kama mtu wa Pwani."

Nikamwambia, "Huyu nyanya amezaliwa huku kwetu. Niache niongee kama mama yangu, mara moja tu."

Nilipomaliza akasema, "Rudia hivyo hivyo. Tunarekodi."

Tata, jina langu ndilo la kwanza kwenye orodha ya waigizaji wa katuni hiyo!

Kuna jambo tulikuficha. Tangu Mama apigwe na kiharusi mwezi wa nne, hajatamka neno. Ndiyo maana kila ulipopiga simu tulisema amelala. Jana katuni ilipoonyeshwa, nilimketisha mbele ya runinga. Nyanya akayafokea majitu yaliyokuja kuuteka mlima wake, "Ati mnataka mrima? Kujeni mchukue!" Mama akacheka hadi machozi yakamtoka. Akanishika mkono, akasema polepole, "Huyo... ni mimi."

Baba alipiga kelele za furaha hadi majirani wakaja mbio.

Leo asubuhi Mama ametaja jina lako. Piga simu, Tata, uongee naye mwenyewe.

Mwana wa dada yako anayekupenda,
Wangeci