Shamba la Juru Siuzi, Papa

Papa mpendwa,

Shangazi amenifikishia ujumbe wako: niuze shamba, nifunge mizigo, nikufuate Fizi, huko kwetu Kongo, pamoja na watoto. Kabla sijakujibu, acha niseme kwanza, maana ulipokuwa hapa Uganda, kambini Nakivale, hukunipa zamu.

Tulikaa hapa Juru pamoja miaka kumi na miwili. Misimu miwili kila mwaka: mavuno ishirini na manne, na yote maharage! Mimi nilitaka migomba. Wewe ulitaka kitu cha kuiva kwa miezi mitatu, ili amani ikitangazwa asubuhi tuvune mchana tuondoke. "Ndizi ni ya batu benye kubaki," ulisema. "Siye tunaenda mwaka kesho." Mwaka kesho huo niliuhesabu mara kumi na mbili.

Unakumbuka Jumapili baada ya ibada? Wewe na wazee wenzako mlizunguka redio, mkagawana wizara za nchi ambayo hamkuweza hata kuikanyaga. Wewe ukachukua Kilimo. Marehemu mama alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. "Muheshimiwa Waziri, kuya upalilie!"

Ndipo nikaenda kwa baiskeli hadi Ngarama, nikarudi na miche sita ya migomba, nikaipanda nyuma ya choo. Ulipouliza, nilikudanganya kwamba ni ya kivuli. Mkungu wa kwanza ulipoiva ulikula ndizi nne, ukalamba vidole, kisha ukauliza, "Hizi ni za nani?"

"Za batu benye kubaki, Papa."

Ukachukua ya tano.

Hilo nilikusamehe siku hiyohiyo. Lililoniuma ni lile la kalavati. Vijana wa kijiji walinichagua mimi, binti yako, niende ofisi ya kambi kuwaombea kalavati pale barabara inapokatika wakati wa mvua, ili lori la ndizi lifike Mbarara. Nilirudi mbio kukuambia. Ulipunguza sauti ya redio kidogo tu. "Kalavati? Hiyo nayo ni politike?"

Papa, kalavati lilijengwa, na lori linapita kila Alhamisi. Wizara zenu zote hazikujenga hata choo kimoja.

Sasa shangazi ananiambia umepanda michikichi thelathini kwenye kilima cha babu. Mchikichi unataka miaka mitatu, minne, kabla ya kuzaa, na wewe una sabini na mmoja! Nilikasirika. Kumbe ulijua kupanda vitu vya kungoja! Halafu nikajikumbuka na miche yangu sita, nikacheka peke yangu shambani hadi jirani akaita, "Uko na nani huko?"

Miaka yote nilidhani ni ukaidi tu. Kumbe moyo wako haukuwahi kushuka kwenye udongo huu. Wangu ulishuka nikiwa na miaka kumi na mitatu, na leo una mashina mia moja na arobaini juu yake. Hata moja siuzi.

Likizo ya Desemba nitakuletea wajukuu wiki mbili, wakusaidie kupalilia. Jioni moja watakuuliza, "Babu, tunarudi nyumbani lini?" Usikasirike, Papa. Watakuwa wanasema Juru.

Inama pole pole kwenye michikichi, mgongo ni mmoja.

Mimi,
binti yako mkubwa