Kidonge Chako Kilishika

Salim ndugu yangu,

Kidonge chako cha maabara kilishika sumaku. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeruka salamu uulize.

Tangu tukuzike Januari, maabara yetu hapa chuoni imekuwa kimya. Barabara zilifunguliwa. Pale vijana wa vurugu walipopanga mawe asubuhi ile, gari letu la kwenda hospitali likazuiwa na wewe unatafuta pumzi, sasa mama mmoja anachoma mahindi. Napita hapo kila siku. Sihisi kitu. Watu wanadhani nimejikaza.

Daktari wa ng'ombe ametuletea tena nitrojeni, ile ya baridi kali anayohifadhia mbegu za fahali. Bado anatucheka: "Nyinyi mnapandisha ng'ombe gani huko ndani?" Nikatoa vidonge viwili vya mwisho ulivyochoma kwenye tanuri, kile safi na kile ulichotia unga wa kijani. Unakumbuka nilivyokupigia kelele? Nilitaka tabaka zilale sawasawa kama za chapati za mama yako, umeme upite bila kizuizi. Ukaniambia, "Wacha nikushow, boss. Usafi ukizidi, nguvu ya sumaku inapenya inatembea ndani, inakula umeme. Weka kasoro kidogo ikwame. Lakini usijaze, utakata njia ya umeme."

Nikavipoza kwa nitrojeni, kila kimoja na ile sumaku tuliyotoa kwenye kompyuta iliyokufa. Juu ya kile safi ilielea, nikaigusa kwa kijiti, ikateleza ikaanguka. Juu ya chako nikaigusa, ikarudi pale pale. Nikaisukuma tena na tena kama mjinga. Ikarudi. Ulikuwa sahihi, na hakukuwa na mtu wa kunitania. Nilitazama mpaka nitrojeni ikaisha na sumaku ikashuka. Sikulia. Nikaosha vyombo.

Juzi mama yako aliniuliza, "Na ile kitu yenu, ilifanya?" Nikamaliza chai yake nikaondoka, na hiyo ndiyo aibu yangu ya mwaka huu.

Basi pumzika, Salim. Unga wa kijani nitaendelea kuupima kwa kijiko chako, kidogo kidogo. Na Jumapili, nakuahidi, nitabeba kidonge, sumaku na mtungi wa nitrojeni hadi kwenu Rhonda, niviweke kwenye meza ya mama, nimpe kijiti asukume mwenyewe. Aone walau kitu kimoja cha mwanawe kikienda, kisha kikirudi.

Wako,
Barasa