Aliyegusa Koki ya Oksijeni

Kaka yangu mpendwa,

Hewa ukaa katika damu ya Baba imeshuka kutoka themanini na mbili hadi sitini na moja. Daktari wa wodi ametuambia hivyo leo Jumanne, saa tatu asubuhi, karatasi ya majibu ikiwa bado mkononi. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka salamu kulitafuta. Sasa nikujulie hali. Hujambo? Goti linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mgonjwa wetu, na hata yeye ameanza tena kugombana na watu, jambo ambalo daktari analihesabu kuwa nafuu.

Ilivyokuwa ni hivi. Jumapili mchana, baada ya siku mbili za kuhema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia, Baba alilala. Kibanio cha kidoleni kilionyesha oksijeni tisini na tisa kwa mia. Shangazi alituambia tupunguze kelele, mgonjwa kapata usingizi. Muuguzi wa zamu, yule ambaye Baba anamwita Afande kwa kuwa humwamuru akae wima, hakufurahi. Alimwamsha, akamwambia anyooshe mikono mbele kama anayesimamisha gari. Viganja vikawa vinapigapiga vyenyewe kama mbawa, dalili aliyokuwa akiitafuta. Baba alimjibu kwamba gari lenyewe limeshapita, kisha akasinzia kabla hajamaliza kusema. Afande hakucheka. Alikwenda mbio kumwita daktari.

Daktari alitoa damu kwenye kifundo cha mkono, kutoka ateri, pale pigo linaposikika. Majibu yalirudi baada ya dakika kumi na mbili. Nilimwomba anieleze polepole, nami nikaandika. Alianza na kipimo cha uchachu wa damu, ambacho kikishuka uchachu umezidi: 7.24, wakati chini ya 7.35 tayari ni hatari. Hewa ukaa ilikuwa 82, na haitakiwi kuzidi 45. Hiyo ndiyo iliyoichachusha damu. Bikaboneti, chumvi ya damuni inayopunguza uchachu, ilikuwa 34, juu ya kawaida, maana yake figo zimekuwa zikijaribu kufidia kwa miaka. Ugonjwa ni ule ule wa vumbi la mbao na sigara, alisema, ila kuna kitu kimeuzidisha ghafla. Oksijeni ilikuwa tele. Mapafu yalishindwa kutoa hewa chafu, na hiyo kibanio hakiioni. Ule haukuwa usingizi. Mtu mwenye mapafu kama ya Baba hupewa oksijeni kidogo, ya kumfikisha themanini na nane hadi tisini na mbili. Ukimzidishia, hewa ukaa hujaa damuni naye huanza kupotewa na fahamu.

Walimvalisha barakoa ya mashine ya kusukuma pumzi. Ndipo wakakuta koki ya oksijeni iko kwenye lita sita kwa dakika. Faili linasema mbili, kwa mwandiko wa Afande. Nilimuuliza muuguzi mkuu, kwa ile sauti yangu ya kazini, nani alikuwa zamu na tangu saa ngapi. Alinijibu. Tangu jana Afande yuko nyumbani, anasubiri kikao kitakachoamua kama atabaki kazini. Ana miaka kumi na tisa wodini. Shangazi anasema amejitakia.

Kaka, koki niliigusa mimi. Ilikuwa Jumapili hiyo, saa saba na dakika arobaini mchana, Afande akimfunga bandeji mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Baba aliniomba hewa. Nikazungusha, nikaona namba ya kidoleni inapanda, nikajipongeza. Na lile swali kwa muuguzi mkuu niliuliza nikijua jibu lake. Gazetini, mtu anayemwachia mwingine kosa lake simwonei huruma.

Jana jioni nilimwambia Baba. Alisogeza barakoa, akaniuliza kama nina haraka ya urithi. Kisha akaniagiza nimrudishe Afande, kwani huyu wa sasa hajui kukaripia.

Mchana huu nimemkabidhi muuguzi mkuu maelezo ya kurasa mbili, yenye saa na sahihi yangu. Ameyasoma mara mbili, akasema lazima niyarudie kwa mdomo mbele ya kikao. Huenda nikapigwa marufuku wodini. Kwa hiyo nakuomba uje ukae na Baba badala yangu. Usiguse chochote, ukiona anasinzia, ita mtu.

Nisalimie shemeji, na watoto wote mmoja mmoja. Barua hii nampa dereva wa basi, ikufikie kesho asubuhi. Kikao ni Alhamisi saa nne, chumba kinachotazamana na famasi. Ijumaa saa mbili asubuhi Baba atatolewa damu tena.

Mimi mdogo wako,
wa gazetini