Hapa Hakuna Matanga

Simi-Simi, Kisangani
Tarehe 6 Februari 2025

Mpendwa mutoto wangu Lionel,

Tumsifu Yesu Kristu. Uko namna gani? Mwili iko na nguvu? Miguu yote mbili iko? Nauliza vile juu sina amani. Sisi huku tuko wazima, papa yako anakohoa kidogo tu. Muhogo ya shamba yetu ya Masako imetoka vizuri.

Bon, nakuambia yenye inanitetemesha. Juzi muyomba wako tonton Ambroise alileta telefone yake: video ya theluji inaanguka kwenye mulima karibu na Grenoble, kule kwenye unafanya kazi, inafunika watu wa kazi. Mumoja amevaa koti nyekundu sawa ile yako ya kwenye foto. Tonton akasema ni wewe. Tulikuita, tulikuita, telefone yako haiite.

Watu wakaanza kuingia. Tonton akaleta bâche, turubai ya kivuli ya matanga, ya kufunga kwenye parcelle ya nyumba, akataka nikae chini kwenye mukeka sawa mama wa mufu. Nilikataa. Nilikalia ile bâche yenyewe ili wasiifungue. Florentine wa jirani akauliza mboga ya pondu ya kulisha wageni itapikwa wapi. Nikamujibu: "Hapa hakuna matanga, dada. Kapikie bwana yako, yeye ndiye anakonda." Watu wakacheka, na mimi nikalia.

Wewe ulinieleza ile ski, kuteleza na mbao juu ya theluji, ilianza namna gani kule: mutu wa Grenoble alinunua mbao mbili Paris, akapanda nazo mulima, kumbe hajui namna ya kuzifunga kwenye miguu. Siku ile nilicheka sana. Ukasema leo watu wa muji wanajaa kwenye bisi kila Samedi, mwisho wa juma, kwenda kuteleza, na kazi yako ni kuchunga kamba ya chuma yenye inawapandisha, hakuna hatari. Lakini ulisema pia asubuhi, mbele ya wateja kufika, kuna wanaume wanapasua theluji na baruti ili ishuke mapema, na unataka kupanda nao. Nilikuambia usiende. Donc basi, ulienda?

Kifo cha huku nakijua: maji ya mutoni, malaria. Ile ya theluji nyeupe siijui, sijui hata namna ya kuiombea.

Papa yako alienda parokia kuomba misa. Padri Liévin akamuuliza: ya marehemu ao ya wazima? Papa yako akageuka, akarudi nyumbani. Nikaenda mwenyewe, nikasema ya wazima. Dimanche hii kwenye misa jina lako litasomwa pamoja na wagonjwa na wasafiri, mbele ya wote wenye walikuja kunililia. Usinifanye muongo mbele ya Mungu.

Barua hii inabebwa na Rosine, mutoto wa dada yangu Agathe, anapanda ndege kesho kwenda Lyon. Atakutafuta mpaka kule kwenye kazi.

Grâce mudogo wako anakusalimia, hataki kula. Mama Agathe pia, na tonton Ambroise. Usimukasirikie, naye analia kwa chumba. Bikira Maria akufunike na nguo yake. Vaa soksi mbili mbili.

Mwenye anakupenda kuliko pumzi yake,
Mama Lionel. Bado naitwa vile.