Nilimpa Kaka Kipande cha Ini, Nikakiambia Kisikae

Mama Mshauri, shikamoo. Waraka huu nimeuandika mara tatu nikauchana, leo naupeleka posta kabla sijabadili mawazo, maana naogopa namuua ndugu yangu na hakuna anayejua ila mimi.

Niite Mwanaheri, si jina langu, na ya wenzangu humu pia nimeyabadili. Nina miaka thelathini na minne, nashona magunia kiwandani Kihonda, Morogoro mjini, ila kwetu ni Kinole, juu milimani. Kaka yangu Ahmadi alikuwa mtu mkubwa huko, tangu watu binafsi waliporuhusiwa kununua mazao yeye ndiye aliyekusanya mdalasini na pilipili manga za mlima mzima na kuzishusha Dar, mpaka homa ya ini ilipomwangusha na madaktari wakasema aende India akawekewe kipande cha ini la ndugu. Mjomba wetu Dadi, ambaye kwa sisi Waluguru ndiye msemaji wa ukoo, akaitisha kikao na kutangaza kwamba damu yangu imelingana na ya kaka, na mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka, watu walipiga makofi, nami nikatabasamu.

Sasa Mama, dhambi yangu ni hii. Shamba la mdalasini la marehemu mama lilipaswa kuwa langu mimi binti, maana kwetu ardhi hufuata upande wa mama, lakini kaka alilichukua na mjomba akanyamaza, nikakaa na donge hilo miaka sita. Asubuhi ya upasuaji muuguzi aliniuliza kwa mara ya mwisho kama nimekubali, nikaitikia kwa kichwa, na walipokuwa wananisukuma kwenye kitanda cha magurudumu nikakiambia kile kipande, kimoyomoyo, kwa Kiluguru: nenda, lakini usikae kwake.

Tulirudi salama, kaka akanenepa, halafu mwezi wa saba baada ya upasuaji akaanza kuwashwa. Jumamosi iliyopita nilipanda Kinole, mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, na kabla sijabisha hodi nikasikia kitu kinakwaruza ndani, polepole, bila kupumzika. Wifi yangu Mwanvita alikuwa amekaa nje na wanawe, akaniambia watoto hawataki tena kuingia. Nilimkuta kaka amegeukia ukuta, anajikuna mguu kwa gunzi la hindi mpaka damu, viganja vya manjano, mkojo kwenye kopo mweusi kama chai ya rangi, mwili wa moto na bado anatetemeka kwa baridi. Sikuwa nimesema neno wala yeye hakugeuka, lakini aliniita kwa jina ambalo mama peke yake alikuwa akiniita, akasema, "Kinataka kurudi kwako. Kinakuna mlango."

Tangu siku hiyo nawashwa juu ya kovu langu, na nikimpigia wifi simu ananiambia ndiyo saa hiyohiyo kaka alikuwa akijikuna. Mjomba anamleta mganga Ijumaa, anataka nilale kando ya kaka, kovu kwa kovu, nitamke maneno ya kukiachia kipande, na kaka aache vidonge vya India anywe mizizi. Nikienda itabidi niseme nilichokisema, na ukoo utanitupa. Nisipokwenda, kaka anakufa. Namba ya wifi nimeiandika chini. Nifanyeje?

*

Mwanaheri mwanangu, marahaba. Wasomaji, barua hii ilinifikia Jumanne na sikungoja gazeti. Kwanza nilimsomea daktari mmoja wa upasuaji, na nilipofika kwenye ule mkojo mweusi akanikatiza, akauliza mgonjwa yuko wapi.

Alinieleza hivi. Ini hutengeneza nyongo, na nyongo hupita kwenye kimrija chembamba kwenda utumboni. Ukipewa kipande cha ini, kimrija chake hushonwa na cha kwako, na miezi baadaye pale paliposhonwa panaweza kusinyaa. Nyongo ikikosa njia hurudi kwenye damu: macho ya manjano, mkojo mweusi, choo cheupe, kuwashwa kusikoisha. Homa na kutetemeka maana yake wadudu wameingia humo, na hapo mtu hangoji Ijumaa. Kilichokuwa kinakuna mlango ni nyongo.

Nikampigia wifi yako, akanipa namba yako, nikakupigia. Nilikukemea, nawe ukalia, nikakukemea tena. Jumatano ulipanda Kinole na gari la kukodi. Mjomba Dadi alisimama mlangoni akasema mgonjwa haondoki. Ulimpita, ukapiga magoti kitandani, ukamweleza kaka yako ulichokisema India. Kwa maelezo yako aligeuka kutoka ukutani, akasema, "Nilijua una sababu. Nibebe."

Hospitalini Dar walimpitishia mrija ubavuni, ikatoka nyongo nzito ya kijani. Siku ya tatu muwasho ukapoa. Hajapona: njia bado ni nyembamba, na waliompasua India wanamtaka arudi waipanue.

Jana ukaniuliza kwa nini ulipokuwa ukiwashwa naye aliwashwa. Aliyejikuna kutwa nzima, saa yoyote ungepiga ungemkuta anajikuna. Kuhusu lile jina, homa humrudisha mtu mbali. Lakini Mwanvita naye anasema chumba kile kitupu bado kinakwaruza mchana, na dari wameshaikagua, hakuna panya. Wahamishieni watoto kwa bibi yao, mama yake Mwanvita, mfunge mlango, mshughulike na aliye hai.

Sasa nisikilize. Hukumloga mtu. Ulikuwa na hasira ya haki na ukaimeza, ukatoa mwili wako huku mdomo umefungwa. Kosa lako ni kukaa kimya kikaoni, na wakubwa wako walikosa zaidi kwa kutokukuuliza. Vidonge vile asiache hata siku moja, na mizizi isimguse mdomoni. Wewe nenda kapimwe wiki hii, maana hata mtoaji huweza kuvuja nyongo, na kovu linalowasha lionwe na daktari. Shamba mlizungumze atakapoweza kukaa mwenyewe, mbele ya mjomba, kwa maandishi.

Leo panda basi urudi Dar. Wodini wakiuliza ndugu wa mgonjwa ni nani, nyoosha mkono.