Baba Mkubwa na Perege wa Mama Neema

Mama mkubwa, shikamoo. Babati kuna baridi ya asubuhi, na mumeo hajambo, ila nina habari yake.

Jana, kwenye ukumbi wa kanisa hapa Bagara, alisoma shairi lake jipya, lisilo na vina wala mizani kama kawaida yake. Alipomaliza, watu waliendelea kumtazama, wakidhani bado yuko kwenye utangulizi. Kisha akasimama Mwalimu Amsi, yule mshairi wa vina ambaye Baba mkubwa alimponda gazetini kwa uhakiki wake. Nikajua tumekwisha.

“Mzee mwenzangu,” akasema taratibu, “twende nyumbani ukale kwanza. Tutagombana umeshiba.”

Mkewe, Mama Neema, alitupikia ugali na perege wa ziwani. Baba mkubwa alikula bila kuhakiki chochote. Alipoombwa aseme neno la shukrani, likamtoka lenyewe:

“Mama Neema asante, perege wako watamu,
nimekwisha kula wote, na bado ninayo hamu.”

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. Tangu chai ya leo wako barazani wanabishana kama ndugu.

Baba mkubwa amenikataza nisikuambie, kwa hiyo akikupigia simu jikaze usicheke. Mungu akutunze, tumekukumbuka.

Mwanao, Rehema